Cha Kwetu Kileo, cha Wenzetu Mihadarati

Katika mjadala wa muhula uliopita hoja ilikuwa kama bangi ihalalishwe nchini Kenya au la. Msemaji mmoja wa upande wa kuunga mkono alisimama, akarekebisha tai yake, akasema, "Waheshimiwa, huko Uholanzi bangi inauzwa dukani kama sukari! Sisi tunangoja nini?" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Msemaji wa upande wa kupinga naye akajibu ati Wazungu wamepotoka, na kwamba Mwafrika tangu enzi za mababu hakujua kulewa. Akapigiwa makofi yale yale. Mimi nilikuwa nimeinua mkono tangu mwanzo, lakini mwenyekiti akasema muda umeyoyoma. Kwa hivyo, ndugu wasomaji na walimu wetu wapendwa, nimeuleta mkono wangu hapa gazetini.

Kwa maoni yangu wasemaji hao wote wawili walijikwaa kwenye kisiki kimoja. Kila mmoja alizungumza kana kwamba mihadarati ni kitu kimoja duniani kote, kwamba ziko nchi zinazokipenda na nchi zinazokichukia, basi. Haiko hivyo. Kila sehemu ya dunia ina kilevi chake, na kilifika hapo kwa sababu ya udongo, au njia ya biashara, au daktari, au umaskini. Tena sheria ya mahali hapo aghalabu hukisamehe kilevi cha nyumbani na kukihukumu cha mgeni. Nitaanza na cha kwetu, maana mcheza kwao hutuzwa.

Mimi natoka Igembe, chini ya vilima vya Nyambene. Karo yangu hutoka kwenye miraa. Sioni haya kulisema hilo, kwa kuwa hata barabara, zahanati na maduka ya Maua yana mkono wa miraa ndani yake. Kinachotafunwa ni vichipukizi vichanga na ganda lake laini. Ndani yake mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo humchangamsha mtu na kumfukuzia usingizi na njaa. Kemikali hiyo haina subira. Baada ya saa 48 hivi tangu kuchumwa huwa imepungua nguvu, mtu akabaki anatafuna kuni tu. Ndiyo sababu vitita hufungwa kwa majani ya mgomba visikauke, na ndiyo sababu pikapu za Maua hukimbia kuelekea Nairobi kana kwamba zinafukuzwa na simba. Aliyewahi kukutana nazo kwenye barabara ya Meru hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa kitazame kitita hicho kimoja kikisafiri. Kikiwa Maua ni zao la biashara, na tangu mwaka 2016 sheria ya mazao ya Kenya inakitambua hivyo. Kikivuka Namanga kwa hatua mia tu, kimegeuka mirungi, na kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 mirungi ni dawa ya kulevya. Mashamba yake huko Same hung'olewa na kuchomwa moto, na mwenye shamba hukimbia au hufungwa. Kikienda Ethiopia kinaitwa chati, nayo serikali inajipatia fedha za kigeni kwacho. Djibouti hukingoja kila siku kutoka huko Ethiopia, na siku shehena ikichelewa mji mzima hununa. Yemen watu hukaa alasiri nzima wakikitafuna na kuzungumza siasa, harusi na biashara, ilhali jirani yao Saudi Arabia, wa dini ile ile na lugha ile ile, atakutia ndani kwa kukipatikana nacho.

Halafu kuna Uingereza. Hadi tarehe 23 Juni 2014 mtu wa London aliweza kununua miraa ya Meru dukani mchana kweupe, na serikali ikachukua ushuru wake. Siku iliyofuata, tarehe 24, miraa ile ile ikawa kosa la jinai. Je, jani lilibadilika usiku huo? La hasha. Kamati ya wataalamu inayoishauri serikali hiyo juu ya mihadarati ilikuwa imeshasema mwaka 2013 kwamba madhara yaliyothibitishwa hayatoshi kuipiga miraa marufuku. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Theresa May, aliipiga marufuku vivyo hivyo. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba nchi nyingine za Ulaya zilikwisha funga milango, akaogopa nchi yake isije ikawa ghala la magendo. Na nisiwe mwizi wa ukweli: baadhi ya akina mama wa Kisomali walioko huko walikuwa wameomba wenyewe ipigwe marufuku, kwa sababu waume walikesha wakitafuna na kulala mchana badala ya kutafuta kazi. Hilo ni neno zito. Lakini baa zilizo mtaa huo huo, ambazo ndani yake waume wengine hulewa chakari hadi kupigana, hazikufungwa hata moja.

Na Uholanzi je, ile nchi iliyopigiwa makofi ukumbini? Uholanzi iliipiga miraa marufuku mwaka 2013. Ndiyo, jamani. Nchi inayouza bangi dukani kama sukari ndiyo hiyo iliyomwambia mzee wangu wa Igembe kwamba zao lake ni hatari kwa jamii. Kama kuna mtu anayetaka tuige Uholanzi, namwomba aje kwanza nyumbani amweleze baba yangu tuige kipi.

Walakini nisidhaniwe kwamba naitetea miraa kwa sababu inanilipia karo. Naijua kuliko wengi wenu. Inamla mtu meno, inamnyima usingizi na hamu ya chakula, na inamla mfukoni kila siku bila likizo. Huko kwetu kuna wavulana wa darasa la saba walioacha shule kwenda kuchuma, kwa kuwa mvulana mwepesi hupanda hadi matawi ya juu yasiyoweza kumbeba mtu mzima, na jioni hupewa pesa mkononi. Ukishashika pesa ukiwa na miaka 13, mwalimu wa hesabu atakuambia nini? Zamani haikuwa hivi. Miraa ilikuwa ya wazee. Ilitafunwa kwenye baraza za Njuri Ncheke, na kitita kilipelekwa kwa heshima mtu alipokwenda kuposa. Kijana hakuthubutu kuonekana akiitafuna. Vivyo hivyo muratina kwa Wagikuyu na kwetu, busaa kwa Waluhya, na tembo la mnazi kwa Wamijikenda. Kwa hivyo msemaji aliyedai kwamba Mwafrika hakujua kulewa alipotosha. Alijua sana, ila alijua pia nani anywe, lini anywe, na mbele ya nani. Kileo kilikuwa na boma lake.

Naona hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kitu kikisafiri, desturi zake hubaki nyumbani. Muguka ni ndugu yake miraa, hulimwa zaidi Mbeere huko Embu, na ni wa bei ya chini. Huuzwa majani matupu kwenye mfuko. Mkulima wa Mbeere anauona kama vile mtu wa Nyeri anavyouona mkahawa. Lakini ukishuka Mombasa na Kilifi unafika hauna mzee, hauna baraza, hauna posa. Una mfuko wa plastiki na kijana asiye na kazi tu. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Pwani walitangaza kuupiga marufuku katika kaunti zao. Akina mama wa Mombasa wakashangilia. Wakulima wa Embu wakalia. Rais akawakutanisha viongozi wa Embu, akasema amri hizo za magavana hazina nguvu kisheria, na mahakama nayo ikazisimamisha. Hapo darasani kwetu, mwenzangu wa Likoni hakunisemesha kwa siku tatu, kana kwamba mimi ndiye niliyepakia gari.

Namwambia hapa kwamba mama yake ana haki ya kulia. Na baba yangu ana haki ya kuuza. Kinachokosekana ni boma. Muuza muguka wa Mombasa humwuzia mtoto mwenye sare za shule bila hata kupepesa macho, na askari anapita hapo hapo akijichukulia chake. Kupiga marufuku ni rahisi, hutangazwa redioni asubuhi na bei ikapanda jioni. Kumkamata huyo mmoja anayewauzia wanafunzi ndiyo kazi ngumu, na hiyo sijaona gavana wala Rais akiitangaza.

Wakati mwingine nikisoma habari za milima ya Andes huko Amerika Kusini naona kana kwamba nasoma habari za Nyambene. Watu wa Bolivia na Peru hutafuna majani ya koka pamoja na majivu au chokaa kidogo, na wamefanya hivyo tangu kabla Mhispania hajafika. Wachimba migodi huyatafuna ili wastahimili njaa na uchovu, na mgeni anayepanda milima mirefu hupewa chai ya koka asizidiwe na hewa nyembamba. Mnamo mwaka 1961 mataifa yalitia saini mkataba wa mihadarati uliotaka desturi hiyo ikomeshwe kwa muda wa miaka 25. Fikiria: watu waliokaa mezani, wengi wao wakiwa na sigara mdomoni na divai kwenye gilasi, wakamwagiza bibi kizee wa Bolivia aache kutafuna! Mwaka 2011 Bolivia, ikiongozwa na Evo Morales ambaye yeye mwenyewe alikuwa kiongozi wa wakulima wa koka, ilijitoa kwenye mkataba huo, kisha ikarudi mwaka 2013 kwa sharti kwamba jani litaendelea kutafunwa ndani ya nchi. Huo ndio ujasiri ninaouita ujasiri.

Lakini jani hilo hilo likipelekwa maabara likachanganywa na petroli na tindikali, latoka unga mweupe uitwao kokeini. Huo hauliwi sana na Mbolivia. Wateja wake wakubwa wako Marekani na Ulaya Magharibi. Mkulima anachomewa shamba, maskini wa mjini anapigwa risasi, na anayenusa kwenye tafrija ya Jumamosi anaamka Jumatatu akaenda ofisini. Na hata njia ya kwenda kwake ina waathiriwa wake: Guinea-Bissau, nchi ndogo isiyolima koka hata mche mmoja, ilitumiwa kuwa kituo cha kupitishia shehena za kwenda Ulaya, siasa zake zikavurugika.

Hata hivyo boma la desturi halitoshi peke yake. Tazameni tambuu. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa, hasa akina nyanya, huitafuna kwa ustaarabu mkubwa: jani la tambuu, popoo, chokaa, na tumbaku kwa apendaye. Ilitoka Bara Hindi pamoja na pepo za kaskazi. Hakuna polisi aliyewahi kumvamia nyanya wa mtu kwa sababu ya kijaluba chake. Lakini popoo imethibitishwa kuleta saratani ya kinywa, na India na Papua New Guinea, ambako huliwa kwa wingi mno, zinaumia. Kwa hivyo halali si sawa na salama, na haramu si lazima iwe ndiyo mbaya kupita zote. Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi akumbuke pombe ya Mukuru kwa Njenga mwezi Novemba 2000. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa kumi kumi iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka macho.

Sasa nirudi kwenye bangi, maana najua ndiyo mnayoingoja. Neno lenyewe lilitujia kwa njia ya bahari kutoka Bara Hindi, na huko hadi leo majani yake husagwa na kuchanganywa na maziwa, yakanywewa wakati wa sherehe ya Holi. Sheria ya India ya mwaka 1985 inakataza maua na utomvu wa mmea huo lakini ikayaacha majani, na katika majimbo mengine maduka yenye leseni ya serikali huuza kinywaji hicho. Kwa hivyo mmea mmoja, nchi moja, sehemu ya juu ni jela na ya chini ni sikukuu.

Uholanzi nayo haikuhalalisha bangi kama tulivyoambiwa. Tangu mwaka 1976 imeamua kufumba jicho moja. Duka linaruhusiwa kumwuzia mtu mzima gramu 5 tu, halitangazi biashara, na likimwuzia aliye chini ya miaka 18 hufungwa. Tena kwa miaka mingi duka liliruhusiwa kuuza lakini hakuna aliyeruhusiwa kulilimia, kwa hivyo mlango wa mbele ulikuwa wa sheria na wa nyuma wa magendo. Ukiniuliza mimi, huo si mfano wa kuigwa bali kichekesho. Uruguay iliihalalisha kweli kweli mwaka 2013, Kanada mwaka 2018, na Ujerumani ikaruhusu kiasi fulani mwaka 2024. Thailand ilifungua milango Juni 2022, maduka yakachipuka kama uyoga, na kufikia Juni 2025 ilishajuta ikarudisha sharti la cheti cha daktari. Na Singapore? Ukipatikana unasafirisha zaidi ya gramu 500 za bangi unanyongwa.

Kwa hivyo mtu asituambie "nchi zilizoendelea zinafanya hivi." Kanada imeendelea, Singapore imeendelea, na hazikubaliani hata kidogo. Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah aliwania urais wa Kenya akiahidi bangi italipa madeni yetu yote. Vijana walicheka, wakapiga picha naye, na siku ya kura hakufikisha hata asilimia moja. Nadhani Mkenya alikuwa ametambua kuwa hoja haikuwa imefanyiwa hesabu. Mimi sipingi ifanyiwe hesabu. Napinga kuihalalisha kwa sababu fulani anavuta Amsterdam, kama ninavyopinga kumfunga kijana miaka kwa msokoto mmoja ilhali mwenye gunia anapita kwenye vizuizi vyote vya polisi akisalimiwa kwa jina.

Jambo ambalo hasa lilinifanya nishike kalamu ni unga. Katika mabweni yetu kuna mzaha mmoja ambao sitaurudia wote. Mwanafunzi wa Pwani akisinzia darasani huambiwa amebwia. Akiwa mwembamba ataitwa teja. Wenzetu wa bara hudhani kuna ulegevu fulani katika damu ya Mswahili, ndiyo maana heroini iko Malindi, Mombasa, Lamu na Unguja wala haiko Kitui. Huu ni ujinga, na dawa yake ni ramani.

Chukueni ramani ya mwalimu wa jiografia. Kwa miaka mingi kasumba nyingi ya dunia ilitoka Afghanistan. Ikigeuzwa heroini huteremshwa hadi pwani ya Makran, kwenye mpaka wa Iran na Pakistan, kisha hupakiwa kwenye majahazi. Majahazi hayo hufuata bahari ile ile na pepo zile zile zilizoleta tambuu, tende na mazulia. Yakija kusini yanakutana na nani? Na Pwani yetu. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata jahazi mbele ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Miezi michache baadaye meli nyingine, Al Noor, ilikutwa na zaidi ya kilo 300, ikapelekwa baharini na kulipuliwa mwezi wa Agosti kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Shehena hizi hazikuwa za watu wa Malindi, ambao hawana uwezo wa kununua hata kilo moja. Zilikuwa za safari ya mbali, Ulaya na kwingineko. Lakini mizigo inapopita, makombo hudondoka. Mpagazi hulipwa kwa bidhaa badala ya pesa, naye huuza kidogo mtaani, na mtaa usio na kazi hununua. Kama majahazi yangeweza kutia nanga Kitui, mateja wangekuwa Kitui.

Kwingineko mlango ulikuwa tofauti. Marekani ulikuwa hospitali. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza tembe za maumivu ziitwazo OxyContin, madaktari wakaziandika kwa wingi, na watu waliokwenda kutibiwa mgongo wakarudi nyumbani wakiwa watumwa. Kampuni hiyo ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007 na tena mwaka 2020. Tembe zilipopunguzwa watu wakageukia heroini, kisha fentanili, na mwaka 2022 zaidi ya Wamarekani 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa. Afrika Magharibi ni tramadoli, tembe ya maumivu pia, inayomezwa na waendesha pikipiki na wabeba mizigo ili wastahimili kazi. Sierra Leone ni mchanganyiko uitwao kush, hadi Rais wake akatangaza hali ya hatari mwezi Aprili 2024. Cape Town ni tik. Ukiuliza kwa nini hapa hiki na pale kile, hutapata jibu katika damu ya watu. Utalipata bandarini, dukani, shambani na kwenye foleni ya wasio na kazi.

Nao wanaosema mateja wapigwe viboko au watupwe jela, waulize Ureno. Huko mwaka 2001 heroini ilikuwa imeshika nchi. Serikali ikaamua kwamba mtu anayepatikana na kiasi kisichozidi matumizi yake ya siku 10 hatapelekwa kortini bali mbele ya jopo la watu wa afya na ustawi wa jamii. Muuzaji aliendelea kufungwa kama kawaida. Wakaongeza vituo vya matibabu, na maambukizi ya UKIMWI kwa njia ya sindano yakashuka sana. Hapa kwetu pia kitu kama hicho kimeanza, na ni aibu kwamba wengi hatukijui. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ikafuata Desemba 2014, kisha Malindi mwaka 2015 na baadaye Mombasa. Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, naye huepukana na arosto, yaani yale mateso ya kutapika, kutetemeka na kuumwa mifupa yanayompata akikosa unga. Asipokuwa na arosto haibi. Asipoiba anaweza kutafuta kibarua. Mjomba wa rafiki yangu wa Likoni, yule yule aliyeninunia, anakunywa dawa hiyo na sasa anafundi baiskeli. Nimepewa ruhusa kulisema hilo, mradi nisitaje jina.

Na hapa shuleni? Kwenye ukuta wa ofisi ya ushauri nasaha kuna bango lenye picha ya kokeini, sindano na fuvu la kichwa. Kwa heshima zote kwa walimu wetu, ni nani kati yetu aliyewahi kuiona kokeini? Bei yake inashinda karo ya muhula. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Kenya inayoongoza ni pombe, ikifuatiwa na tumbaku, kisha miraa, halafu ndipo bangi ikaja. Pombe na tumbaku hazimo kwenye bango. Haimo kuber pia, ile pakiti ndogo inayouzwa vibandani kama kitu cha kuburudisha kinywa, ilhali ndani ni tumbaku tupu, na ambayo baadhi yenu mnaiweka chini ya mdomo wakati wa prepu mkidhani hakuna anayejua. Hata mimi mtu wa miraa nashangaa: mvulana anafukuzwa shule kwa msokoto wa bangi, naye mwenye kuber anaambiwa ateme aendelee na kazi.

Nimemwandikia katibu wa Chama cha Kiswahili mapendekezo mawili. La kwanza, muhula ujao tumwalike mhudumu wa kituo cha methadoni aje azungumze nasi, na maswali yaulizwe kwa karatasi zisizo na majina. La pili, hoja ya mjadala iwe hii: "Anayemwuzia mwanafunzi muguka, kuber au pombe afungwe kabla ya mwanafunzi aliyenunua kufukuzwa." Niko tayari kuunga mkono. Mwenzangu wa Likoni amekwisha kubali kukaa upande wangu, ila amesisitiza kwamba yeye ndiye atakayesema kwanza.